Kikopo Alichobeba Malachy

Malachy Geraghty alikuwa mtu asiyejua kusema uongo, na wenzake kwenye mnada wa ng'ombe walimcheka kwa hilo. Mnunuzi akimuuliza kama ndama huyu ni mzima, alijibu kwamba ni mzima, ila juzi aliharisha. Mkewe Attracta alizoea kusema kwamba mume wake angemwonyesha mwizi mahali funguo zilipo, mradi ameulizwa kwa adabu. Uongo wa maana aliusema mara moja tu maishani, Novemba ya mwaka 2008, katika kliniki ya mapafu ya mjini, na aliusema kwa ajili ya binti yake. Simtetei. Ila wapo pale kijijini Cloonbrack waliomsema bila kujua hata nusu ya mambo, na hao ndio wanaonikera.

Binti mwenyewe aliitwa Sadhbh, jina linaloonekana gumu likiandikwa lakini kwao hutamkwa Saivu tu, kirahisi. Alizaliwa na sistiki faibrosisi. Kule Ireland ugonjwa huo hauhitaji kuelezwa, maana hakuna parokia isiyo na nyumba yenye mgonjwa wake. Ute wa mapafuni, ambao kwa wengine ni mwepesi na hutoka bila mtu kujua, kwake ulikuwa mzito kama gundi, na kila kijidudu kilichoingia kilinasa humo kikafanya makazi. Tangu akiwa mchanga mama yake alimlaza kifudifudi, asubuhi na jioni, akampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe mpaka ute ukatike. Kila mlo alimeza vidonge vya kusaga chakula. Kila siku alivuta mvuke wa dawa. Alipofika miaka kumi na tisa alikuwa amelazwa mara nyingi mno, hata manesi wa wodi walimwekea kikombe chake cha chai kabatini.

Upweke wa ugonjwa ule una sheria yake. Wenye nao hawaruhusiwi kukaribiana, wasije wakaambukizana vijidudu vyao vibaya, kwa hiyo marafiki walioelewa maisha ya Sadhbh aliwajua kwa simu tu. Walio wazima nao walikwenda vyuoni, Dublin na ng'ambo, wakarudi na mambo yasiyomhusu. Akabaki na farasi. Alikuwa jike wa kijivu aitwaye Fraoch, mfupi, mwenye kiburi, na nadhani hakuna kiumbe Sadhbh alichokipenda kuliko yule, wazazi wake wakiwemo, na wazazi wenyewe walilijua hilo wala hawakununa.

Daktari Concannon, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa shule, alikwisha kusema toka zamani: nyasi kavu zina ukungu, na ukungu una mbegu ndogo zinazopeperuka zisionekane. Mtu mwenye afya akizivuta atapiga chafya, yakaisha. Kwa Sadhbh ni mbegu iliyopata shamba. Attracta alitaka farasi auzwe wiki ileile. Malachy ndiye aliyebembeleza mpaka ikapatikana nusu shari, kwamba Sadhbh atamwona Fraoch malishoni, getini, upepo ukiwa nyuma yake, na bandani hatatia mguu. Miaka minne sheria ya geti iliheshimiwa.

Kisha kikaja kiangazi cha 2008, ambacho hakikuwa kiangazi. Mvua haikukata. Malachy alifunga nyasi zake kabla hazijakauka sawasawa kwa sababu hakuwa na siku tatu za jua mfululizo, na alipofungua mzigo wa kwanza mwezi wa Oktoba vumbi jeupe liliruka kama mtu aliyepiga mfuko wa unga. Akajisemea kwamba ng'ombe watakula tu. Jioni hiyohiyo aliingia bandani kumwekea Fraoch maji, akamkuta Sadhbh ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamsuka farasi wake singa. Fraoch alikuwa na mimba, ndiyo maana alikuwa ndani badala ya malishoni.

Malachy akamwambia atoke. Sadhbh hakunyanyuka.

"Baba, kaa kidogo."

"Sikai. Toka nje. Unajua kilichomo humu."

"Najua. Mimi ndiye ninayekohoa, nisijue?" Akaendelea kusuka. "Ukweli wangu ni huu. Kule ndani mama akinitazama anahesabu pumzi. Wewe ukinitazama unataka kujua mama kahesabu ngapi. Huyu hahesabu chochote."

"Huyu ni farasi, Sadhbh. Hajui kuhesabu."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda wake. Kilipokwisha alijifuta mdomo akamwambia baba yake kwa utulivu kwamba akinyang'anywa hiki nacho, kitakachobaki ni dawa peke yake, na yeye haoni sababu ya mtu kunywa dawa ili apate kuishi anywe dawa. Alitaka mpaka mtoto wa farasi azaliwe, basi. Baada ya hapo angerudi getini.

"Usimwambie mama," akasema. "Atanizuia."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hayo wanayajua wote, na Malachy kwao pia wana namna yao ya kuyasema. Lakini aliyetunga maneno hayo alikuwa na mtoto wa kawaida, ambaye akinyimwa leo atapewa kesho. Malachy alisimama pale na ndoo ya maji mkononi, akamwangalia mtoto ambaye kesho yake ilikuwa haina mdhamini, na akashindwa. Akamwekea farasi maji, akafungua milango yote miwili ili upepo upite, akaondoka.

Mwezi uliofuata kikohozi kikabadilika. Sadhbh alianza kuhema kwa mluzi, na makohozi yake yakaja na vipande vya kahawia vilivyokuwa vigumu kama mpira. Katika nyumba ile ilikuwa desturi: kikohozi kikibadilika, asubuhi baada ya kupigwapigwa mgongo Sadhbh hutema ndani ya kikopo chenye kifuniko cha njano, na Malachy hukikimbiza maabara, mwendo wa saa nzima kwa pikapu, kabla hakijapata joto. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yake katika ugonjwa huo. Attracta alikuwa na mikono, yeye alikuwa na magurudumu, na hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Maabara wakaotesha kilichomo, wakaona ukungu. Wiki mbili baadaye kikopo cha pili, ukungu tena. Daktari akawaita.

Kwa kawaida Attracta ndiye aliyeingia chumbani na Sadhbh. Siku hiyo alikuwa peke yake kwenye kaunta ya posta, mwenzake yuko likizo, kwa hiyo akaingia Malachy na kofia yake mkononi. Daktari Concannon aliwaeleza taratibu. Fangasi huyu, alisema (ana jina refu la kitaalamu linaloanza na A, na Malachy tangu siku hiyo alimwita yule wa A), anaweza kukaa kifuani kama mpangaji asiye na matata. Au mwili unaweza kumkasirikia, ukaanza kupigana naye, na katika vita hiyo inayobomoka ni nyumba, siyo mpangaji. Kujua ni lipi kati ya hayo kunataka damu, picha ya kifua, na jibu la swali moja.

"Kuna nyasi kavu anazozigusa? Anaingia bandani?"

Sadhbh alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia. Hakumkonyeza baba yake wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu. Malachy aliona waziwazi kwamba akisema ndiyo, Fraoch atauzwa kabla ya Jumapili, na mimba yake. Akaona pia kwamba akisema hapana, daktari atauliza basi ukungu umetoka wapi. Mdomo wake ukatangulia kabla ya akili.

"Ni mimi, Daktari. Kile kikopo."

"Kikopo kimefanya nini?"

"Nakibeba kwenye pikapu. Humo ndimo ninamobebea nyasi, ni vumbi tupu. Mara ya kwanza kifuniko kililegea, nikakifungua nikakifunga upya. Kwa mikono hii." Akaionyesha. "Na mara ya pili vilevile."

Daktari alimtazama, kisha akacheka kama mtu aliyetuliwa gunia. Akamwuliza mwanaume mzima anafunguaje kikopo cha maabara kwa mikono iliyotoka zizini, na Malachy akaomba radhi, na uso wake ulikuwa mwekundu kiasi kwamba ulithibitisha kila neno. Kilichomponza ni ukweli wake wa miaka yote. Mtu mwingine angeulizwa zaidi. Malachy, ambaye aliwahi kumpigia daktari simu kukiri kwamba walichelewesha dozi kwa dakika arobaini, aliaminiwa palepale. Sadhbh akatema ndani ya kikopo kipya humohumo chumbani, na hicho hakikuotesha ukungu. Leo kila mtu pale anajua kwamba kikopo kimoja safi hakithibitishi kitu, maana yule wa A hujificha nyuma ya ute ulioganda, siku moja akatoka na siku ya pili asitoke. Lakini wote walitaka kuamini. Damu ikaachwa mpaka upimaji wa kila mwaka, mwezi wa Mei. Sadhbh akapewa antibaotiki, akalazwa wiki mbili, akapata nafuu kidogo, akarudi nyumbani.

Ndani ya pikapu alimshukuru baba yake. Malachy alimwambia asimshukuru, avae barakoa. Akaahidi, na barakoa akaivaa kweli, chini ya kidevu.

Majira yale ya baridi Malachy alifanya kazi kama mtu aliyelaaniwa. Alizilowesha nyasi za Fraoch kwenye pipa la maji kila asubuhi ili vumbi lilale, mpaka vidole vikapasuka kwa baridi. Alifagia banda Sadhbh akiwa bado kitandani. Alinunua nyasi nzuri kutoka mbali, akamwambia mkewe kwamba ni za ndama. Alifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Na lisemwe lote: msichana alikuwa na furaha. Alirudi ndani na mashavu mekundu, alikula, aliimba bafuni nyimbo zisizo na adabu. Wakati wa Krismasi jirani mmoja alimwambia Attracta kwamba binti ananawiri, na Attracta akajibu kwamba asante Mungu, kisha akaenda jikoni ghafla kutazama kitu kwenye oveni.

Jumapili moja ya Machi, wakiwa mezani, Sadhbh alikohoa ndani ya kitambaa cha kufutia mikono na kitambaa kikajaa damu. Chakula kilibaki mezani. Malachy aliendesha, Attracta nyuma amemkumbatia. Hospitalini skani ilionyesha mirija ya mapafu ya juu imevimba na kuziba kama mabomba yaliyoachwa miaka, na upande wa kulia shimo. Damu ikapimwa. Hesabu ya mzio, inayopima jinsi mwili unavyomkasirikia fangasi, ambayo kwa mtu wa kawaida haifiki mia mbili, yake ilikuwa imepita elfu nne. Mwili ulikuwa vitani, na si vita ya jana.

Daktari Concannon alifunga mlango wa chumba kidogo cha wageni. Attracta alikuwa bado amevaa koti.

"Nawauliza tena," alisema. "Nyasi?"

Malachy akasema yote. Banda, kikopo, pikapu, pipa la maji. Alipomaliza daktari aliweka kalamu mezani taratibu, na Attracta, bila kumgeukia, akauliza neno moja tu.

"Tangu lini?"

"Oktoba."

Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kuketi na binti yao. Daktari alimfuata Malachy kwenye ujia akamwambia jambo ambalo hakulazimika kumwambia, kwamba ile damu angeipima siku ileile ya Novemba, nyasi au pasipo nyasi, na hakuipima kwa sababu alitaka sana kumwamini. Akaongeza kwamba fangasi huyu yuko kila mahali, kwenye udongo, kwenye majani, hata kwenye mto wa kulalia, na hakuna awezaye kuapa kwamba ni banda. Malachy alimshukuru. Hakuamini hata herufi.

Matibabu yakaanza. Vidonge vya steroidi vya kuutuliza mwili uache kupigana, na dawa ya kumuua fangasi mwenyewe. Steroidi zilimvimbisha Sadhbh uso ukawa mviringo, zikamtia njaa ya mchimba kaburi, zikamnyima usingizi, na sukari ya damu ikapanda. Dawa ya fangasi ilitaka tumbo lenye uchachu, kwa hiyo kile kidonge chake cha kiungulia kikasimamishwa na kila dozi ikashushwa kwa soda nyeusi. Alisema kwamba ametimiza ndoto ya kila mtoto, kuamriwa soda na daktari, na kwamba ndoto yenyewe inatia kichefuchefu. Attracta alibandika ratiba ukutani. Kwa mume wake hakuwa na maneno mengine zaidi ya hayo ya ukutani. Saa mbili, steroidi. Saa tatu, mvuke. Umenunua soda? Malachy aliyapokea kama mtu anayepokea haki yake, wala hakuwahi kuomba zaidi.

Fraoch alizaa Aprili, Sadhbh akiwa wodini. Malachy alimwonyesha picha kwenye simu, kisha wiki iliyofuata, bila kuambiwa na mtu, akamwuza mama na mtoto wake. Sadhbh aliporudi nyumbani alisimama dirishani muda mrefu akitazama malisho matupu.

"Umemwuzia nani?"

"Mtu wa kaunti ya Mayo."

"Ana watoto?"

"Wasichana wawili."

"Basi vizuri," akasema Sadhbh, akaenda kulala mchana kweupe, na Malachy akatoka akaenda nyuma ya trekta akalia.

Dawa zilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Hesabu ya mzio ikashuka. Ute wa kahawia ukakatika. Pumzi za kupuliza kwenye mashine, zilizokuwa asilimia ishirini na tisa ya pumzi za mtu mwenye afya, zikafika thelathini na sita, na nyumba nzima ikala keki. Lakini kilichobomoka kilikuwa kimebomoka. Kufika Juni ikarudi ishirini na tisa, kisha ishirini na nne, na mtungi wa oksijeni ukahamia chumbani. Julai walikwenda Dublin kuuliza habari ya kupandikizwa mapafu mapya. Madaktari wa kule walikuwa waungwana. Wakasema mapafu mapya anayahitaji, tena upesi. Wakasema pia kwamba mtu akipandikizwa, kinga yake hushushwa ili asiyakatae, na fangasi akiwa bado yumo kifuani hiyo ni karamu yake. Wanataka makohozi ya miezi mitatu yasiyo na yule wa A, na viwango vya dawa vizuri. Warudi Oktoba.

Kwa hiyo kilichokuwa kinashindaniwa sasa ni vikopo vitatu. Malachy alivibeba ndani ya kijisanduku cha barafu alichokiosha kwa spiriti, kwenye gari la kuazima ambalo halijawahi kuona nyasi, mikono imesuguliwa mpaka imechubuka. Cha Julai kilikuwa safi. Cha Agosti kilikuwa safi. Tarehe kumi na moja Septemba, asubuhi yenye jua, Sadhbh aliomba mto uinuliwe kidogo, ukainuliwa, akasema hapo sawa, na kabla ya saa sita akafa. Alikuwa na miaka ishirini. Sina maneno ya kupamba hapa na nisingeyatumia kama ningekuwa nayo.

Siku mbili alilala ndani ya jeneza lililo wazi sebuleni, kama desturi, na watu wakaja. Walipanga foleni toka barabarani, wakaingia mlango wa mbele, wakashika mikono ya wazazi, wakasema poleni kwa msiba, wakamgusa Sadhbh mkono, wakatokea jikoni ambako kulikuwa na chai na mikate ya nyama. Daktari Concannon alisimama foleni kama wengine, saa nzima kwenye manyunyu. Malachy alishika mikono mpaka kiganja kikafa ganzi. Wengine walimkumbatia. Wachache walimpa vidole viwili na kutazama pembeni, maana habari ya nyasi ilikwisha kuenea, na hao aliwaelewa kuliko waliomkumbatia.

Asubuhi ya tatu Lorcan Tuohy, mwenye gari la mazishi, aliwatoa watu sebuleni kwa upole. Kabla ya kifuniko kufungwa wazazi huachwa peke yao na mtu wao. Akawaambia dakika tano, au watakavyo, ila padri anangoja saa tano. Mlango ukafungwa. Ilikuwa miezi sita tangu Malachy na Attracta wakae chumba kimoja bila dawa kuwa kati yao.

Attracta alikuwa anatazama jeneza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Habari ya banda. Nilijua kabla hujamwambia daktari. Nilijua tangu Halowini, mwisho wa Oktoba." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nani anafua nguo katika nyumba hii, Malachy? Soksi zake zilijaa mbegu za nyasi. Kila Jumamosi nilisafisha kichujio cha mashine, nikazitia kwenye jiko zikaungua."

Malachy aliona sakafu imekaa vibaya. "Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Alikuwa anakula. Alikuwa anaimba mle bafuni. Nikasema wiki moja tu. Nikasema basi mpaka Krismasi."

"Lakini uliniuliza. Pale kwa daktari. Uliniuliza tangu lini."

"Nilitaka kujua nani kaanza." Sasa akamgeukia, kwa mara ya kwanza tangu Machi. "Ukasema Oktoba. Nikamshukuru Mungu, Malachy. Nilishukuru kwamba wewe ulinitangulia kwa wiki mbili, nikakutwisha mzigo wote. Nimekuona miezi sita unainama chini yake, na sikukupokea hata kwa neno."

Hasira ilimpanda Malachy, hasira ambayo hakuijua, na kwa muda alitaka kupasua kitu. Alimkumbuka akisoma ratiba ukutani, saa mbili, saa tatu, bila kumtazama. Alikuwa amefikiri kwamba siku mtu mwingine atakaposhika upande wa pili wa mzigo utapungua uzito. Haukupungua. Alimtazama mkewe, koti jeusi limemzidi kwa jinsi alivyokonda, akaona kwamba naye amekuwa akibeba wake, tena bila mtu wa kumlaumu, na huenda huo ndio mzito zaidi.

Lorcan akagonga. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ni wakati. Ndipo Malachy alipotambua kwamba dakika zao tano wamezimaliza wao kwa wao, na hakuna aliyekuwa amesema na Sadhbh hata neno. Yeye, ambaye hajawahi kumchelewesha padri, akajibu toka ndani kwamba padri atangoja.

"Basi tulikuwa wawili," akamwambia Attracta.

Attracta akainama, akamweka binti yao sawa kola ya blauzi, ambayo haikuwa imepinda.

"Watatu," akasema. "Nilimwuliza, baada ya kile kikopo chako. Nilimwonyesha mbegu mkononi. Unajua alinijibu nini? Mama, usimwambie baba kwamba unajua, atanizuia."

Malachy alimkodolea macho. "Mimi aliniambia nisikuambie wewe. Kwamba utamzuia."

Walitazamana, kisha wakamtazama, amelala pale na uso wake wa mviringo uliotulia, mtoto aliyewafunga mdomo wazazi wawili ndani ya nyumba moja majira mazima ya baridi, kila mmoja akidhani analinda siri peke yake. Attracta ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza, akajaribu kukizuia, akashindwa, na Malachy naye akashikwa, wakawa wanacheka wameshikilia ukingo wa jeneza kwa mikono minne. Halafu hakikuwa kicheko tena. Attracta alimwita binti yake mwongo mkubwa, akamwita roho yake, na Malachy akamwambia Sadhbh kwamba angemdanganyia tena, kesho, palepale, na kwamba hajui kama hilo atasamehewa, na kwamba amemkumbuka mno na bado hajaondoka.

Lorcan Tuohy hakugonga tena. Walipofungua wenyewe walimkuta amesimama na kofia mkononi, na nyuma yake ukumbini watu wote wamenyamaza. Attracta akamshika mume wake mkono, akamwambia Lorcan aingie.